Siku Kumi na Tisa Kifuani mwa Laisoni Muhiwa

Laisoni Muhiwa alikuwa mtu wa mdomo mzito. Karakana ya shamba la chai la Namileme, huko Thyolo, ilikuwa na mafundi watano, na wanne kati yao waliweza kubishana tangu asubuhi mpaka king'ora cha saa sita. Laisoni yeye alijibu kwa nyundo. Ukimuuliza kama mlango wako utakuwa tayari kesho, anainamisha kichwa kukubali au anakitikisa kukataa, basi, umeshajibiwa. Kwa hiyo siku ile ya mwezi wa nne Nesi Ulemu Kachale alipoingia karakanani, akakaa juu ya gogo bila kukaribishwa na kusema kwamba anamtaka Laisoni ahutubie watu uwanjani Jumamosi, mafundi wanne waliacha kazi wakacheka.

"Huyu?" akauliza mzee Josamu, fundi mkubwa. "Nesi, heri uombe msumeno uhutubie."

"Sikuja kutafuta msemaji, mzee wangu. Nimekuja kumtafuta baba Tiyamike."

Nesi Ulemu na akina mama kadhaa wa mashambani walikuwa wameanzisha chama wakakiita Pachifuwa, yaani kifuani. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waliojifungua kabla ya siku, wenye watoto njiti. Walishona kofia za vidole viwili upana, walikata vitenge vya kumfungia mtoto kifuani, na waliwatembelea wazazi waliokwisha kurudi nyumbani. Sasa walitaka kujenga chumba chenye joto ubavuni mwa wodi ya hospitali ya misheni, kwa sababu kilichokuwapo kilienea vitanda vinne tu, na mwezi wa sita ungekuja na chiperoni, ule ukungu wa manyunyu unaoshuka kutoka milimani na kukaa siku tano bila jua. Chiperoni humgonganisha mtu mzima meno. Mtoto wa kilo moja je?

"Eneless atasema," Laisoni akajibu. Eneless ni mke wake. "Yeye anajua kusema."

"Amesema kanisani mara tatu. Wanawake wamelia, wameleta vitambaa. Nashukuru. Lakini kitambaa hakifyatui tofali, baba. Wanaume wako mpirani, na wanaume wanasema hayo ni mambo ya wanawake. Nataka wamsikie mwanamume."

Laisoni akachukua randa, akaipuliza, akairudisha mezani.

"Nitafikiri."

Nesi akainuka, akakung'uta vumbi la mbao kwenye sketi yake. Alimjua Laisoni vya kutosha kujua kwamba neno hilo moja ni hotuba nzima. "Fikiri huku unakuja. Jumamosi saa nane, kabla ya mpira kuanza."

Alichokuwa hakijui nesi, na hata Eneless hakukijua, ni kwamba katika kisa cha kuzaliwa kwa mwanawe Tiyamike kulikuwa na jambo moja ambalo Laisoni hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwa miaka minne.

Miaka hiyo minne nyuma, mimba ya Eneless ilikuwa imetimiza miezi saba kasoro. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua imekolea na chai inachipua kama imechokozwa, wachumaji hawapumziki. Eneless aliamka na kichwa kinamgonga na miguu imevimba hata kandambili haziingii. Alikwenda kazini hivyo hivyo. Saa nne akaanguka katikati ya mistari ya chai, mwili unamtetemeka, povu mdomoni. Wenzake walimbeba mpaka barabarani, na trekta la majani mabichi likamfikisha hospitali ya misheni, amelala juu ya magunia ya chai. Daktari alisema ni kifafa cha mimba, na kwamba mtoto asipotolewa leo wataondoka wote wawili. Akatolewa alasiri ile, msichana.

"Kilo moja na gramu mia," wakamwambia Laisoni. Pakiti ya sukari na vijiko vichache juu yake.

Alimtazama akiwa kwenye kitanda cha joto pamoja na vichanga wengine wawili. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba, mishipa inaonekana kama michirizi ya jani ukilielekeza kwenye mwanga. Masikio yalikuwa hayajapata umbo. Laisoni, ambaye kazi yake ni kupima, alijikuta hana kipimo. Mke wake alilala chumba cha pili hajitambui, siku ya kwanza, siku ya pili.

Siku ya tatu, Jumapili, alifika Fokasi, kaka mkubwa wa Eneless. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa kawaida Fokasi na Laisoni walitaniana mpaka watu wakadhani wanagombana, lakini siku ile Fokasi hakutania. Alimshika shemeji yake mkono akamtoa nje, mpaka kwenye mafiga wanakopikia wanaouguza wagonjwa.

"Shemeji, dada yetu mkubwa alipata wawili wa namna hii. Hawakai. Nakwambia mapema ili moyo wako usije ukapasuka ghafla." Akasukuma kuni kwa mguu. "Unajua desturi. Mtoto asiye na jina huzikwa na wanawake, kimya kimya, hakuna matanga. Lakini wewe ni fundi. Usikubali mwanao aende ndani ya kitambaa."

Lilikuwa neno la upendo. Laisoni akafuta moshi machoni. Alisema anakwenda nyumbani kuchukua nguo, na kweli akazichukua, lakini njiani akapitia karakanani. Hapakuwa na mtu. Akachagua mbao laini zinazotumika kwa masanduku ya chai, akakata, akaunga, akagongomea. Haikuchukua hata saa moja. Kisha akachukua msasa, akasugua ndani, kila pembe, mpaka pakawa laini kama kiganja, kwa sababu ngozi ya mtoto ilikuwa nyembamba mno. Alipotambua anachokifanya, kwamba anamkinga na vibanzi mtu anayemwandaa kwa kuzikwa, aliketi sakafuni. Halafu akaliviringisha jeneza lile katika gunia, akalisukuma chini ya meza, nyuma ya vipande vya mbao, akarudi hospitali.

Nesi Ulemu alikuwa mlangoni mwa wodi ya njiti anamtafuta.

"Ulikuwa wapi, baba? Nimekuulizia mpaka jikoni. Hebu nione mikono. Vumbi, gundi! Jumapili ulikuwa unafanya kazi?"

"Kuna kitu nilikuwa namalizia."

"Kanawe mpaka viwiko, kwa sabuni. Halafu uje uvue shati."

"Shati?"

"Mama yake hawezi hata kukaa. Umeme unakwenda na kurudi, kitanda cha joto hakitabiriki. Mama mkwe wako anakohoa, siwezi kumpa. Mtoto huyu anataka joto la mtu, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na mtu aliyebaki ni wewe."

"Nesi, mimi ni mwanamume."

"Nimeona. Kwani wanaume hawana joto? Nyumbani Eneless analala na jiwe?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Walikuwa wanawake saba mle ndani, vitandani na mikekani, kila mmoja na njiti wake kifuani, na kucheka hivyo kulikuwa hakujasikika humo kwa siku nyingi. Laisoni alivua shati huku masikio yanawaka. Nesi akamkalisha, akamweka mtoto wima katikati ya kifua, kichwa kimegeuzwa upande, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha akawafunga wote wawili kwa kitenge, akakaza kwa fundo begani.

Mwanzo hakuhisi kitu, ni kama amebandikwa jani lenye umande. Baadaye akausikia moyo. Ulikuwa unakwenda mbio, kama wa kifaranga aliyeshikwa mkononi. Laisoni akazuia pumzi.

"Pumua, baba," nesi akasema. "Hawa wadogo husahau kupumua. Ukipumua wewe, naye anakumbuka."

Basi akapumua. Alipumua kwa siku kumi na tisa. Alilala ameegemea mito, alikula nsima, ule ugali wao, kwa mkono mmoja, na kila alipohitaji kwenda msalani mama mmoja wa kitanda cha jirani, Fainesi, alimpokea mtoto kwa dakika chache. Maziwa yalitoka kwa Eneless chumba cha pili, yakikamuliwa tone kwa tone tangu alipozinduka, yakamwingia mtoto kwa mpira mwembamba kupitia puani. Wanawake wa wodini walimpa cheo: Mama Laisoni. "Mama Laisoni, geuza kichwa cha mtoto." "Mama Laisoni, leo umechana nywele, unamtarajia nani?" Yeye alitabasamu tu. Msimamizi wa karakana alituma salamu kwamba achukue siku zake zote za likizo na kwamba mafundi wanauliza kama atarudi na mimba nyingine.

Alfajiri ya siku ya nne ya kumbeba alihisi kimya. Kwanza hakujua ni kimya cha nini, maana wodi ilikuwa imelala. Ni kule kutikisika kidogo kifuani ndiko kulikokoma. Akatazama chini, akaona midomo ya buluu. Akaingiza kidole ndani ya kitenge, akachapa unyayo kama alivyofundishwa. Hakuna kitu. Akachapa tena. Mara ya tatu akasugua mgongo na kuchapa kwa nguvu hata akaogopa kuuvunja mguu, mtoto akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, akalia kilio cha paka mdogo. Hapo ndipo Laisoni alipomwita nesi.

Mama mkwe alipoacha kukohoa aliruhusiwa kuingia. Alifika mlangoni akamkuta mkwe wake kifua wazi. Kwao mama mkwe na mkwe hata kula hawali pamoja, seuze kutazamana namna hiyo! Akageuka upesi, akasema na ukuta.

"Mwambieni mkwe wangu nimeleta togwa."

Laisoni akajibu akitazama dari. "Mwambieni mama nashukuru."

Walizungumza hivyo siku tatu, mmoja na ukuta mwingine na dari, wanawake wakizipokea salamu na kuzipeleka hatua nne tu. Siku ya nne bibi akavuta kigoda, akaketi uso kwa uso naye, akamtazama mjukuu.

"Mkwe, nilidhani macho yangu yataoza," akasema. "Hayajaoza. Amenenepa."

Fokasi naye alirudi na utani wake. "Shemeji, umejifungua salama? Maziwa yanatoka?"

"Yanatoka," Laisoni akasema. "Ila ya kwangu ni togwa."

Fokasi alicheka mpaka akafukuzwa wodini.

Siku ya kumi na tisa Eneless alikuja akitembea mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Nesi akalifungua fundo, akamhamisha mtoto kutoka kifua kwenda kifua. Laisoni akavaa shati akahisi baridi kama aliyevuliwa. Walikaa hospitali siku kumi na saba nyingine, mpaka mtoto alipojua kunyonya na mizani ikasoma kilo moja na gramu mia tisa. Siku ya kuruhusiwa Fokasi ndiye aliyempa jina mlangoni mwa wodi. Tiyamike, yaani tushukuru.

Hayo yote Laisoni aliweza kuyasimulia. Ila lile moja alilifunga.

Jumamosi aliyoitaja nesi ilipofika alikwenda uwanjani, shati jeupe limepigwa pasi na Eneless. Timu ya Namileme ilikuwa inacheza na jirani zao wa ng'ambo ya mto, na watu walijaa kandokando ya mistari, wanaume kwa mamia, wanatafuna miwa na kubishana juu ya golikipa. Nesi Ulemu akamkabidhi kipaza sauti. Laisoni akakishika kama kinavyoshikwa chombo cha fundi mwingine.

"Mimi ni Laisoni. Wa karakanani."

"Tunakujua!" mmoja akapaza sauti. "Mlango wangu uko wapi?"

Kicheko. Akangoja kiishe. Akaeleza, kwa maneno machache, habari ya trekta na kilo moja na kitenge.

"Ulimnyonyesha?" mwingine akauliza, kikapanda kicheko kikubwa kuliko cha kwanza, na wengine wakageuka kutazama wachezaji wanaopasha viungo. Laisoni aliona wanamponyoka. Karibu na mlingoti wa goli alimwona Eneless, amemshika Tiyamike mkono. Hakuwa amepanga kusema. Lilitoka.

"Siku ya tatu nilimtengenezea jeneza."

Waliokuwa wanatafuna miwa wakaacha.

"Alikuwa hai. Anapumua. Nami nikaenda karakanani nikamtengenezea jeneza. Mbao za masanduku ya chai. Mnazijua." Akahamisha kipaza sauti mkono wa pili. "Sikuwa na ubaya. Mikono ya fundi hutafuta kazi, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba iko kazi nyingine ya mikono hii. Nilirudi na gundi vidoleni, nesi akaniambia kanawe, vua shati, mbebe. Ni hivyo tu. Kama asingeniambia, lile jeneza lingetumika."

"Liko wapi?" akauliza mzee mmoja wa mbele, polepole.

"Siku aliporudi nyumbani nililivunja, nikakokea moto. Nikachemshia maji ya kumwogeshea."

Filimbi ya mwamuzi ilisikika inagongana na funguo mfukoni mwake. Laisoni akawatazama, uso baada ya uso.

"Wengi hapa mmepoteza wa namna hii. Hamkulia, kwa sababu desturi haikuwapa nafasi. Nawajua. Waliokataa kitambaa, yale masanduku madogo niliwatengenezea mimi." Akainua mkono kuelekea hospitali. "Chumba kinataka tofali, mchanga na mabati. Milango na vitanda ni juu yangu. Nimemaliza."

Akamrudishia nesi kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mzee Josamu, yule aliyesema heri msumeno, akavua kofia.

"Nina tanuru la tofali nyuma ya nyumba," akasema. "Nilitaka kujenga jiko. Jiko litangoja."

Mwingine akasema ana mkokoteni. Mwingine, mwenye duka, akataja mabati. Manahodha wa timu mbili wakanong'onezana, wakakubaliana kwamba kila mchezaji atatoa Jumamosi mbili za kubeba mchanga, na timu itakayofungwa leo itaongeza ya tatu. Namileme wakafungwa.

Eneless hakungoja mpira uishe. Laisoni alimkuta nyumbani anachambua mboga, na mtoto anacheza kwa jirani. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Kwa hiyo yale maji," Eneless akasema bila kuinua kichwa, "nilimwogesha mimi."

"Ndiyo."

"Nikakusifu kwamba umepata kuni kavu msimu wa mvua."

"Ndiyo."

Akachambua majani mawili, matatu. "Ulipima vipi? Hukumshika siku zile. Ulijuaje urefu?"

Laisoni akakunja mkono wa shati. Akaonyesha kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko.

Eneless akautazama ule mkono. Akaweka chini kisu, akajifunika uso kwa kitenge chake, akalia, si kwa sauti. Laisoni aliketi kando yake, hakumgusa. Eneless alipomaliza kulia alisema, "Ungeniambia."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nimepona miaka minne, baba Tiyamike. Miaka minne."

Hakumsemesha kwa siku mbili. Alimwekea chakula, akamwekea maji ya kuoga, lakini maneno hapana, na Laisoni, ambaye watu walidhani hapendi maneno, aliona nyumba imekuwa pana kupita kiasi. Siku ya tatu asubuhi Eneless alimpa kikombe cha chai akaketi.

"Mimi nilipozinduka nilimuuliza nesi mwili umewekwa wapi," akasema. "Sikuuliza mtoto yuko wapi. Niliuliza mwili. Nami sikukuambia." Akanywa chai yake. "Ila usiyaseme tena mbele ya Tiyamike mpaka akue. Nitamwambia mwenyewe."

"Sawa."

Chumba kilijengwa kwa wiki nane. Wanaume walikuja Jumamosi, wakabishana juu ya msingi, wakabomoa kona moja iliyopinda wakaijenga upya. Laisoni alitengeneza milango miwili na vitanda kumi vyenye kichwa kinachoinuka, ili anayembeba mtoto alale ameegemea bila kuhangaika na mito. Bati la mwisho lilipigwa Alhamisi. Jumanne iliyofuata ukungu ulishuka, na hapo hapakuwa na aliyeuona mlima tena kwa siku sita.

Katika baridi ile walilazwa njiti kumi na moja. Tisa walirudi kwao. Wawili hawakurudi. Laisoni alikwenda kwenye maziko ya wote wawili, ingawa haikuwa desturi wanaume kwenda, na mara ya pili Fokasi alimfuata bila kuombwa, wakasimama nyuma ya wanawake, kofia mikononi.

Mwezi wa nane shamba la jirani, lile lililowafunga mpirani, liliandika barua kwamba nao wanataka kusikia kisa hicho. Eneless ndiye aliyejibu barua, kwa masharti: yeye aanze kusimulia, mumewe afuate, na wapewe usafiri wa kurudi kabla ya giza. Walipelekwa na trekta la majani. Tiyamike alipewa nafasi ya kukaa mbele, karibu na dereva, akawapungia wachumaji mkono karibu njia nzima, na walipofika alikuwa ameshalala.